Majibu ya Ami: Danjoni za Zamani, Kaburi la Acererak na Majini wa Pwani

Asalam aleikum nyote. Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache tu ile michezo ya kukaa mezani mkajifanya wapiganaji na wachawi wanaoshuka danjoni, yaani yale mashimo na makorido ya chini kwa chini, kutafuta hazina, Dungeons & Dragons na ndugu zake, nikasema sisi tuliicheza hapa Lamu miaka ya themanini. Basi simu haikupoa. Leo ukurasa wote nawaachia nyinyi, nimechagua maswali ambayo nina la kusema.

*Shikamoo ami. Babangu mdogo, Mungu amrehemu, aliacha sanduku lina vitabu viwili na dadu za ajabu, moja ina pande 20. Intaneti nasoma kila mahali kwamba mtu mmoja tu ndiye aliyebuni mchezo huu, Gary Gygax, lakini rafiki yangu abisha kuna mwingine. Ukweli ni upi? Na huko mwanzo walikuwa wakicheza vipi? – Kijana wa Langoni, Lamu*

Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu kweli. Sanduku hilo litunze, usimpe mtu.

Rafikiyo ana haki. Mambo yanaanzia Minneapolis kule Marekani mwaka 1969, watu wazima walikuwa na kikundi cha kupigana vita mezani kwa visanamu vidogo vya askari, sasa mmoja wao, David Wesely, akaja na wazo kwamba badala ya kila mtu kuongoza jeshi, kila mtu awe mtu mmoja tu, huyu meya wa mji, huyu mwenye benki, huyu mwanafunzi wa chuo, kwenye mji wa kubuni wa Kijerumani aliouita Braunstein. Miongoni mwa waliokuwa pale ni Dave Arneson. Huyu ndiye aliyelichukua wazo akalipeleka kwenye nchi yake mwenyewe ya kubuni, Blackmoor, akaweka ngome, na chini ya ngome akachora mashimo yaliyojaa viumbe, akawaambia wenzake haya ingieni. Kanuni za kupigana alianzia na za Chainmail, kitabu cha 1971 ambacho Gygax alikiandika na Jeff Perren. Mwisho wa 1972 Arneson akasafiri mpaka Lake Geneva, Wisconsin, akamchezesha Gygax, na Gygax hakulala tena. Akachora ngome yake, Greyhawk, na wa kwanza kuingia chini yake walikuwa wanawe mwenyewe, Ernie na Elise, watoto wadogo tu.

Januari 1974 ndio vikatoka vijitabu vitatu ndani ya boksi la rangi ya mbao, nakala 1,000, dola 10 kila boksi, na yale maboksi yalipangwa nyumbani kwa Gygax. Majina yote mawili yako juu, Gygax na Arneson. Baadaye wakakosana, Arneson akaenda kortini 1979, wakasikizana 1981. Gygax alifariki 2008, Arneson 2009. Mimi msimamo wangu ni huu na sitauacha: aliyetushusha chini ya ngome mara ya kwanza ni Arneson, na aliyeandika mpaka tukaweza kucheza sisi tulio mbali ni Gygax, na kumtaja mmoja ukamwacha mwenziwe ni dhuluma.

Sasa walivyocheza. Hakuna ubao, hakuna karata. Mmoja ni masta, yaani mwendesha mchezo, ramani kaificha nyuma ya kadibodi, wengine hawaoni kitu wanasikia tu, korido inakwenda kaskazini futi 30, kisha mlango wa mbao kushoto, chini ya mlango kuna majimaji. Mchezaji mmoja kazi yake ni kuchora ramani kwenye karatasi ya viboksi, kiboksi kimoja futi 10, na mwingine ndiye msemaji wa kundi. Sisi tulitumia daftari la skwea la hesabu, lile la shule, na mchoraji wetu alikuwa binamu yangu wa Mkomani mwenye mkono mzuri, akikosea kona moja tu basi tumepotea sote, tutazunguka mle ndani mpaka taa iishe.

Na taa inaisha kweli, hapo ndipo wengi wa leo hawaelewi. Muda ulihesabiwa. Zamu moja ni dakika 10 za mle ndani, mwenge unawaka zamu sita basi. Kwa kanuni tulizokuwa nazo sisi kila zamu mbili masta anarusha dadu ya pande sita, ikija 1 kuna kitu kinatembea gizani kinakuja kwenu, na kitu hicho hakina hazina yoyote, kinawamalizia nguvu bure. Halafu pointi za uzoefu, zile za kumpandisha mtu ngazi, nyingi zilitoka kwenye dhahabu utakayoitoa nje salama, sarafu moja pointi moja, kuua jitu kulileta pointi chache tu. Kwa hiyo kundi lenye akili halikupigana ovyo. Lilinyata, lilisikiliza mlangoni, lilidanganya, lilihonga, lilikimbia. Watu husema michezo ile ilikuwa ya kuua ua tu, hao hawakuicheza, au waliicheza na masta asiyehesabu mienge.

*Ami, nimesikia kuna kaburi moja kwenye mchezo huo hakuna aliyeingia akatoka. Ni hadithi tu au lipo? – Msomaji, Shela*

Lipo, na mimi mtu wangu, yule niliyemcheza mezani, amezikwa mle. Linaitwa Tomb of Horrors. Gygax alilitengeneza kuwapima wachezaji wake wawili waliokuwa wameshindikana, Rob Kuntz na mwanawe Ernie, halafu 1975 likachezeshwa kama mashindano kwenye mkutano wa wacheza michezo uitwao Origins pale Baltimore, na 1978 likatoka kama kijitabu. Kama unapanga kulicheza siku moja, ruka majibu haya nenda swali linalofuata, nakuomba, kwa sababu kulijua ni kuliharibu.

Mwenye kaburi ni Acererak, mchawi aliyekataa kufa, mpaka mwili umekwisha limebaki fuvu lenye vito kwenye macho na meno. Kwanza hata mlango wenyewe huujui, iko njia zaidi ya moja ya kuingilia mle kilimani na nyingine ni mitego mitupu. Ukipata ile ya haki unaingia korido ndefu, kuta zimechorwa picha za rangi, na chini sakafuni kuna njia ya vigae vyekundu inapinda pinda. Mwisho wa korido, ukutani, kuna uso mkubwa wa shetani wa kijani umeachama mdomo, na ndani ya mdomo ni weusi tu.

Tulisimama pale usiku mzima. Ilikuwa darini kwetu, karabai inalia, na rafiki yangu akasema mdomo huo ndio njia, tazama ulivyo mkubwa mtu apita. Masta akamwuliza mara mbili, waingia? Akasema naingia. Basi. Hakuna dadu, hakuna kujiokoa, chochote kinachoingia mle kinatoweka moja kwa moja duniani. Yule kijana alinyamaza, akaichukua karatasi ya mtu wake aliyemlea muda mrefu, akaikunja akaiweka mfukoni. Halafu wa pili akaingia kumtafuta wa kwanza! Akatoweka naye. Yaani kwa sababu hakuna sauti iliyorudi, akadhani mwenziwe yuko salama upande wa pili.

Sasa wako wanaosema huo ni uonevu, masta anawaua watu tu. Mimi sikubali. Dalili zote ziko wazi ukiangalia, kijitabu chenyewe kina picha maalum za kuwaonyesha wachezaji vyumba vyake, na kwenye korido kuna maneno ya kishairi aliyoyaacha Acererak mwenyewe. Silaha yako pale ni kuuliza. Upondo. Chukua upondo wa futi kumi, utie mdomoni, uutoe, uone kilichobaki. Vitabu vya zamani viliuza upondo huo dukani pamoja na kamba, misumari ya chuma na mafuta ya taa, na kila mtoto anayecheza leo anauona kwenye orodha ya zamani na kushangaa wa nini.

Na kutoka mzima kumewezekana. Rob Kuntz alikuwa na mpiganaji wake, Robilar, naye aliingia akiwatanguliza maorki, vijitu viovu, watumishi wake, mitego ikawamaliza hao, yeye akafika chumba cha mwisho, akazoa hazina, na fuvu lilipoinuka hakusimama kupigana, akakimbia. Kwa zile kanuni huko ni kushinda kabisa. Robilar huyo huyo ndiye wa kwanza kufika chini kabisa ya Greyhawk, peke yake, na zawadi aliyoikuta kule chini ni mteremko uliompeleka mpaka upande wa pili wa dunia, akarudi kwao kwa safari ndefu, na mtu wa Ernie alipomfuata kumtafuta akapitia hapo hapo.

*Kaka, mimi na wewe rika moja. Wamkumbuka Aleena? – Mzee wa Shella Road, Malindi*

Namkumbuka ndugu yangu, na sijamsamehe Bargle mpaka leo.

Kwa wasiojua: 1983 lilitoka boksi jekundu la wanaoanza, Frank Mentzer ndiye aliyeliandika, juu yake joka jekundu na mpiganaji, mchoro wa Larry Elmore. Ndani kulikuwa na dadu ambazo namba zake hazikutiwa rangi, unapewa krayoni unasugua mwenyewe mpaka nta ijae kwenye mikwaruzo kisha unafuta kwa kitambaa, vidole vinabaki na rangi, na baada ya miezi nta ikitoka unarudia. Binamu yangu baharia ndiye aliyelileta boksi hilo kutoka Uingereza.

Kitabu kile kilikufunza mchezo kwa hadithi ukiwa peke yako. Wewe ni mpiganaji, unaingia pangoni, kuna nyoka anakuuma, halafu unakutana na msichana amekaa ukutani, Aleena, mcha Mungu mwenye rungu na deraya, anakuponya, anakuelezea dunia ilivyo, mnatembea pamoja. Kurasa chache tu. Kisha mnamkuta Bargle, mchawi mhalifu, anatupa mshale wa mwanga, Aleena anaanguka. Na hakuna unachoweza kufanya, dadu yako ikija 20 au 1 yeye amekufa, na wewe unaubeba mwili wake kuurudisha mjini kwa watu wa kanisa lake.

Nilikuwa mtoto, niliufunga ule ukurasa nikaufungua tena nikidhani nimesoma vibaya. Ndugu yangu, nimesoma vitabu vingi tangu hapo na vifo vingi vya vitabuni vimenipita hivi hivi, lakini huyu aliyeishi kurasa chache yupo bado, na nadhani ni kwa sababu ulitembea naye wewe mwenyewe.

*Asalam aleikum ami. Mwanangu wa miaka 14 na wenzake wanacheza mchezo huu kila Jumamosi. Naona dadu, naona picha za mashetani, nasikia zamani kule Marekani watoto walipata wazimu kwa ajili yake. Nimwachishe? – Mama wa Malindi*

Waleikum salaam mama yangu. Una haki kuuliza, na nitakujibu ninachokijua kisha la dini umpelekee mwenyewe.

Hayo ya wazimu. Mwaka 1979 mwanafunzi wa chuo kikuu cha Michigan State alipotea, na mpelelezi aliyekodiwa na familia akasema labda alikuwa akicheza mchezo huu kwenye mahandaki ya mabomba ya mvuke chini ya chuo, magazeti yakaidaka. Kijana akapatikana mbali na hapo, na shida zake zilikuwa nyingine kabisa, zilizomkaa moyoni kabla ya mchezo wowote. Lakini habari ya kwanza ndiyo iliyobaki vichwani. Miaka ya themanini mama mmoja aliyefiwa na mwanawe akaanzisha chama cha kuupinga, makanisa yakahubiri, na hofu ikawa kubwa mpaka kampuni iliyochapa mchezo ilipotoa toleo la pili mwaka 1989 majina ya mashetani yakaondolewa vitabuni. Uchungu wa mama yule siuchezei hata kidogo. Ila kwamba mchezo ndio ulioua, hilo halikuthibitishwa.

Dadu. Hakuna kamari, hakuna pesa inayowekwa wala kuliwa. Lakini wako wanavyuoni wanaokataza dadu zenyewe hata bila kamari, kwa hiyo muulize shekhe wako, mimi si wa kutoa fatwa kwenye gazeti. Nikwambie tu kitu ambacho watoto wengi hawajui: mwaka 1979 dadu ziliadimika, boksi la wanaoanza likauzwa na vipande vya kadibodi vya namba, unavitia ndani ya kikombe unachomoa kimoja bila kutazama. Mchezo ukaenda vile vile. Kata karatasi, andika 1 mpaka 20, tia kwenye kikombe cha kahawa. Hata sisi dadu zilipopotea, na ile ndogo ya pande nne ilipotea haraka mno, tulifanya hivyo.

Na mama, kaa nao Jumamosi moja. Usiende kuwapeleleza, kaa ucheze, uwe mtu. Utajua zaidi kwa saa moja pale kuliko kwa majibu yangu.

*Uncle mambo, mbona mchawi kwenye kanuni za zamani ni dhaifu hivi? Anapiga uchawi mmoja kisha anausahau kabisa! Nani alifikiria hii? – Dogo wa Kashmiri, Lamu*

Jack Vance, mwandishi wa Marekani. Kwenye kitabu chake cha 1950, The Dying Earth, wachawi hukariri uchawi kutoka kitabuni, ukishatamkwa unafutika kichwani mpaka aukariri tena, na Gygax aliupenda mno mtindo huo akauchukua mzima. Hata Vecna, mchawi mwovu wa mle mchezoni, panga panga herufi zake utamkuta Vance.

Mchawi wa leveli ya kwanza, yaani ngazi ya chini, ana dadu ya pande nne ya uhai, paka akimparura kwa bahati mbaya amekwenda. Ana uchawi mmoja tu, wa usingizi, wa kuwalaza magoblini, vijitu vya mapangoni, akishautoa anakuwa mbeba taa. Mvumilie. Kundi likimlinda mpaka leveli ya tano na uchawi wa mpira wa moto, wale wale waliokuwa wakimcheka watatembea nyuma yake.

Na majina ya wachawi unayoyaona kwenye vitabu mpaka leo ni ya watu wa mezani pale Lake Geneva. Tenser ni herufi za Ernest, yule mwana wa Gygax. Drawmij ni Jim Ward, soma kinyumenyume. Mordenkainen na Bigby ni wa Gygax mwenyewe. Watoto na majirani walicheza, matendo yao yakawa historia ya ile dunia. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote kwenye huu mchezo, kwamba hakukuwa na mtu aliyekaa akaandika historia kwanza kisha watu wakaja kuicheza, walicheza wakaipata.

*Ami nieleze hawa majitu. Kuna dubu mwenye kichwa cha bundi, kuna mdudu anayekula chuma, halafu ghafla kuna majini kama wetu! Walitoa wapi? – Mwalimu, Malindi*

Mwalimu, dubu wa bundi na yule mla chuma, na bulette pia, yule kama papa wa nchi kavu, walitoka kwenye mfuko wa vidude vya plastiki vya bei rahisi vilivyotengenezwa Hong Kong. Vilifanywa viwe madinosaria lakini maumbo yake hayaeleweki, Gygax akavinunua dukani akavitia mezani vipigane, halafu watu wakabuni kila kimoja kinafanya nini. Huyu mwenye mkia kama kasia akawa anageuza chuma kutu. Na tazama werevu wake: mpiganaji mwenye deraya nzito haogopi joka lakini anamkimbia mdudu huyu, na mchawi mnyonge asiye na chuma ndiye anayeweza kumsogelea. Mnyama mmoja tu anageuza nani jasiri na nani mwoga kundini.

Majini walikuwamo tangu boksi la 1974, jini na ifriti, wametoka Alfu Lela Ulela. Na kitabu cha masta cha 1979, kile kikubwa, jaladani ni ifriti mwekundu mkubwa amemshika mwanamke, mchoro wa David Sutherland, na ukikifungua ukakilaza kifudifudi jalada la nyuma unauona mji wao, Mji wa Shaba, unaelea kwenye moto. Sisi watoto wa Lamu tulipouona tulinyamaza. Elfi tulikuwa hatuna habari nao, vibeti wale wa ndevu vile vile, lakini huyu tulikuwa tumelelewa naye, bibi zetu wametukataza kumwaga maji ya moto usiku bila kusema bismillahi. Kwa hiyo kwetu jini hakupigwa panga hata mara moja. Masta akimtoa jini, mtu wa kwanza anatoa salamu, wa pili anauliza kabila lake na dini yake, wa tatu anatafuta cha kumpa. Kanuni ziliruhusu hivyo pia, kuna dadu mbili za kutazama kiumbe amewapokea vipi, 2 anashambulia hapo hapo, 12 anawapenda, na katikati kote ni mazungumzo. Kule Marekani wengi waliiruka dadu hiyo. Sisi ndio tulioishi nayo.

*Kaka, mimi na wenzangu twataka kuandika danjoni yetu ya hapa hapa, tumechoka na mapango ya theluji. Tumefikiria Gede au kisa cha Fumo Liongo. Tuanzie wapi? – Kikundi cha Watamu*

Haya ndiyo nilikuwa nayangoja!

Anzeni kwa kutazama kijitabu kiitwacho In Search of the Unknown, cha Mike Carr, kilichokuwa kikiwekwa ndani ya maboksi ya wanaoanza mwisho wa miaka ya sabini. Vyumba vimeelezwa lakini viumbe na hazina havikuwekwa, unapewa orodha pembeni, wewe masta ndiye unayechagua nani akae wapi kisha unajaza kwa penseli. Wengi walikidharau wakisema hakijakamilika. Kwangu hakuna kilichofunza zaidi, kwa sababu ukishakijaza umeshakuwa mwandishi na hukujua. Baada yake wakaweka The Keep on the Borderlands ya Gygax, ngome moja na bonde la mapango yaliyojaa makabila yasiyopendana, na hapo jifunzeni kitu kimoja tu, kwamba wakaaji wa danjoni wana ugomvi wao wenyewe ambao wachezaji wanaweza kuutumia.

Gede sasa. Mji uliojengwa kwenye karne za 12 na 13, ukahamwa karne ya 17, uko msituni, una kuta mbili, moja ndani ya nyingine, una kasri na visima virefu. Tembeeni na daftari la skwea, pimeni kwa hatua. Na tazameni hizi nyumba: zimepewa majina ya vitu vilivyofukuliwa ndani yake, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Hiyo ni orodha ya vyumba tayari! Kila chumba kitu kimoja kimebaki, na mchezaji atauliza mwenyewe mkasi huu ulikuwa wa nani na mbona aliuacha. Visima ndio njia zenu za kushuka chini. Kwa nini watu walihama, wengine husema maji yalishuka, wengine vita, nyinyi mna ruhusa ya kuweka sababu yenu chini ya kisima. Ila msikiti na makaburi msiyaguse, jengeni mji wenu wa kubuni unaofanana, mpeni jina jingine, waliolala pale ni watu.

Na Liongo, jamani. Kafungwa gerezani Pate, nje wanalinda, kijakazi Saada anamletea chakula na walinzi wanakula kizuri wanamwachia makapi. Anamtumia mamake ujumbe ndani ya wimbo ambao walinzi wanausikia na hawauelewi, mama anaoka mikate mizuri na mkate mmoja wa wishwa, ndani ya ule wa wishwa kuna tupa. Walinzi wanachukua mizuri, wanamwachia wa wishwa. Usiku ngoma ya gungu inapigwa nje, kelele za ngoma zinafunika sauti ya tupa inayokata pingu. Hebu nionyesheni danjoni yoyote iliyoandikwa 1974 mpaka leo iliyo na mpango mzuri kuliko huo. Wachezesheni wachezaji wakiwa ndani, wamefungwa, hawana silaha, wana sauti tu. Masta asiwape suluhisho. Awape walinzi wenye uchu, kijakazi mmoja mwaminifu, na ngoma usiku wa tatu, kisha anyamaze awasikilize. Wimbo wautunge wenyewe pale mezani kwa sauti, na masta aamue kama mlinzi ameelewa au la, dadu iwekeni kando kwa hilo.

Mkitaka adui wa mwisho, mchukueni mtu asiyepenyeka kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, kama Liongo mwenyewe, na siri hiyo anaijua jamaa yake mmoja tu. Hapo kupigana hakusaidii, ni lazima watafute nani anajua.

Vyumba visizidi 12 kwa kuanzia, theluthi yake iwe mitupu kabisa, maana chumba kitupu ndicho kinachowatia watu hofu. Mwandike ramani kwa penseli. Mkishacheza nitumieni ile karatasi ya masta na ya mchoraji ramani, zote mbili, nizichape hapa ubavu kwa ubavu tuone zimepishana wapi.